Nati za mashine ya kusaga zinalegea kila wiki: nifunge na nini zikae?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina mashine ya kusaga na kukoboa mahindi hapa Makambako, inaendeshwa na injini ya dizeli ya pistoni moja. Injini imekaa juu ya mbao mbili nene za paini, imefungwa kwa bolti nne za spana namba 19. Kila baada ya siku chache bolti zinalegea, injini inaanza kucheza na mkanda unaruka. Nimeweka springi washa, zile pete za chuma zilizopinda zinazokaa chini ya nati, nikaweka mbili mbili, wapi. Fundi mmoja amenichomelea nati mbili, lakini injini bado inacheza. Sasa hata nati za kinu chenyewe zimeanza kulegea. Wapo wanaoniambia nitumie gundi ya nati, wengine wanasema nati zenye pete ya naironi ndani. Nifunge na nini ili zikae?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Pole sana. Najua maana ya kuzima injini huku akina mama wamepanga madebe mlangoni.

Nitakujibu habari ya gundi na naironi, lakini siyo mwanzo. Kwanza nataka uijue bolti yenyewe inashika kwa nguvu gani, kwa sababu maelezo yako yanaonyesha kwamba tatizo liko chini ya nati na wewe umekuwa ukitafuta dawa juu yake.

Bolti ikikazwa inavutika. Chuma nacho kinarefuka ukikivuta, na kwa kuwa kinataka kurudi urefu wake, kinavibana vitu viwili vilivyo kati ya kichwa na nati. Ni sawa na mpira wa tyubu unaofungia gunia kwenye keria ya baiskeli. Ukiuvuta vizuri ndipo ukaufunga, gunia halisogei hata barabara iwe mbovu. Ukiufunga bila kuuvuta, piga mafundo unavyotaka, gunia litahama. Springi washa, gundi, naironi, hata ule moto wa kuchomelea, yote hayo ni mafundo. Mvuto ndio unaobeba mzigo.

Sasa tuutazame mvuto huo kwa hesabu. Bolti ya spana 19 kwa kawaida ni ya milimita 12. Tazama kichwani mwake: kama imeandikwa 8.8, ikikazwa ipasavyo inabana kwa nguvu ya karibu tani 4. Hiyo ni bolti moja. Nne kwa pamoja zingeishika injini yako kwa tani 15 hivi, na injini ya pistoni moja haina ubavu wa kutikisa kitu kilichobanwa namna hiyo. Lakini kuna jambo la pili ambalo wengi hawalijui: bolti hiyo ikibana chuma chenye unene wa sentimita 4, urefu iliovutika haufiki hata moja ya kumi ya milimita. Nguvu yote ya tani 4 imekaa ndani ya unene wa karatasi. Kikipungua kitu chochote kati ya kichwa na nati kwa kiasi hicho kidogo, iwe rangi iliyosagika, kutu iliyomong'onyoka au washa nyembamba iliyobonyea, mvuto umekwisha, na nati bado haijazunguka hata kidogo.

Na wewe katikati umeweka paini.

Ninyi watu wa Makambako, Njombe na Mafinga mna mbao za kumwaga, na paini ni mbao nzuri kwa paa na kwa fanicha. Chini ya bolti ni habari nyingine. Ukiibana paini kwa ubavu, kukatiza nyuzi zake, washa ya kawaida ya milimita 12 inaanza kuzama ikifika mamia machache tu ya kilo. Hizo tani 4 huwezi kuzipata hata ukivunja spana. Utakaza, utahisi imegoma, kumbe unachohisi ni mbao inayopondeka. Halafu mbao yenyewe inapumua: masika inavimba, kiangazi inakauka na kusinyaa, na ubao mnene unaweza kupungua milimita moja au zaidi, kumbe bolti ilikuwa imeweka akiba ya sehemu ya kumi ya milimita. Kama mbao zako zililetwa zikiwa mbichi kutoka kwenye mashine ya kupasulia, jua kwamba kila jua linapowaka zinakufungulia nati bila kuzigusa.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuzitoa mbao hizo. Weka injini na kinu juu ya fremu moja ya chuma, chaneli nzito, na fremu hiyo ishikwe kwenye zege kwa bolti zilizozikwa humo. Kama huna mtu wa kukuchomelea fremu iliyonyooka, ulizia karakana za SIDO, lile shirika la kuhudumia viwanda vidogo, zipo Iringa na zipo Mbeya. Gharama hii ndiyo ninayokusihi usiikwepe. Kama msimu umekubana na huwezi kusimama sasa, basi kwa muda weka bamba la chuma juu na chini ya kila ubao, sentimita 10 kwa 10 na unene usiopungua milimita 8, ili mzigo usambae, na ukubali kwamba utakaza kila asubuhi mpaka utakapofunga fremu.

Kabla hujaishusha injini kwenye fremu mpya, kwangua rangi pale miguu inapokaa. Watu hupaka rangi nene kila mahali ndipo wafunge, wakidhani wanazuia kutu. Rangi ile inasagika kwa mtetemo na kuacha nafasi. Funga chuma kwa chuma, kisha paka rangi pembeni. Halafu weka injini bila kukaza na ujaribu kuingiza bapa la msumeno wa chuma chini ya kila mguu. Mguu utakaoruhusu bapa kupita haujakaa. Ukiukaza hivyo hivyo, bolti inakuwa inapinda mguu badala ya kubana, na siku moja mguu utapasuka. Kata vipande vya bati vya kutosha, jaza pengo, ndipo ukaze.

Sasa tuje kwenye mtetemo wenyewe. Siyo kila mtetemo unafungua nati. Mwaka 1969 Mjerumani aitwaye Gerhard Junker alichapisha majaribio yaliyobadilisha namna mafundi wanavyolitazama jambo hili. Alitengeneza mashine inayosukuma vitu viwili vilivyofungwa kwa bolti, vikateleza kidogo kushoto na kulia, kukatiza bolti. Akaonyesha kwamba huo mwendo wa ubavuni ndio unaofungua nati haraka kuliko kuvuta na kuachia kwa urefu wa bolti. Sababu yake inaeleweka. Nati inakaa kwa msuguano kwenye meno na chini yake. Vitu vinapoteleza ubavuni, msuguano ule unapoteza ushikaji kwa kila mtelezo, na kwa kuwa meno ya bolti ni mteremko uliozungushwa, nati inashuka mteremko wake kidogo kidogo.

Ukitaka kuiona hali hiyo kwa macho yako, zima injini ipoe, ondoa vumbi la unga, uchunguze kwa tochi pale mguu wa injini unapokutana na kitu cha chuma, na kandokando ya washa. Ukiona unga mwembamba wa kahawia, mwekundu kama kutu iliyosagwa, na ukichanganyika na oili unakuwa kama uji mweusi, hapo chuma kinateleza juu ya chuma. Ukiifungua, chini ya washa utakuta mduara unaong'aa kama kioo. Nati ya hapo itafunguka tu, hata uifunge na nini.

Kwako kinachosukuma ubavuni ni mkanda. Injini inavutwa kuelekea kwenye kinu mchana kutwa, na mashimo ya miguu au ya fremu huwa marefu ili uweze kurekebisha mkanda. Shimo refu pamoja na washa nyembamba ni mwaliko wa kuteleza. Weka washa za bamba nene, milimita 5 au 6, zinazofunika shimo lote. Kisha chomelea kwenye fremu, upande wa kinu, vituo viwili vyenye bolti ndefu ya kusukuma mguu wa injini, na kila bolti ya kusukuma iwe na nati yake ya kuishikilia. Bolti hizo mbili zitabeba mvuto wa mkanda, na zile nne za miguu zibaki na kazi moja tu ya kubana. Utapata pia urahisi wa kukaza mkanda kwa kuzungusha spana badala ya kutumia mtaimbo. Na mkanda usiukaze kama waya wa gitaa. Mkanda uliozidishwa unamaliza beringi na unavuta injini bila faida yoyote.

Habari ya kukaza. Nunua bolti mpya zenye alama 8.8 kichwani na nati zenye alama ya 8. Hiyo 8 ya kwanza ina maana bolti inakatika ikivutwa kwa kilo 80 hivi kwa kila milimita ya mraba, na .8 ya pili ina maana ikifika asilimia 80 ya nguvu hiyo inaanza kurefuka bila kurudi. Bolti isiyo na alama yoyote ichukulie kuwa laini. Wauzaji wengi wa vifaa wanazichanganya kwenye ndoo moja, kwa hiyo chagua mwenyewe, moja moja, ukisoma vichwa.

Kipimo kwa bolti ya 8.8 iliyopakwa oili kidogo, kwa newtonmita, yaani kipimo cha nguvu ya kuzungusha, ni kama hivi: spana 13, ambayo ni bolti ya milimita 8, newtonmita 25, spana 17, milimita 10, newtonmita 50, spana 19, milimita 12, newtonmita 85, spana 24, milimita 16, newtonmita 210. Spana ya kupimia nguvu ni ghali na huenda huna, lakini mashine ya kusaga haikosi mizani ya ndoano. Pima sentimita 25 kutoka katikati ya bolti kwenye mpini wa spana, tundika ndoano hapo, na uvute mizani ikiwa imekaa mraba na spana. Kwa spana 13 mizani isome kilo 10, kwa 17 kilo 20, kwa 19 kilo 35. Kwa 24 tumia mpini mrefu, ndoano iwe sentimita 50, uvute mpaka kilo 43. Siyo kipimo cha maabara, ila kinashinda mkono wa kubahatisha. Mtu akikaza bolti kwa hisia, ndogo huwa anazikata na kubwa anaziacha hazijafika.

Safisha meno kwa brashi ya waya na uweke tone la oili kwenye meno na chini ya nati. Watu hushangaa nikiwaambia waweke oili kwenye kitu wasichotaka kifunguke. Lakini nguvu unayoitia kwenye spana, karibu nusu inaliwa na msuguano chini ya nati, sehemu nyingine kubwa inaliwa kwenye meno, na inayobaki kuivuta bolti ni kama moja ya kumi tu. Meno yakiwa na kutu, hiyo moja ya kumi nayo inaliwa. Spana inagoma, wewe unaridhika, bolti haijavutika.

Kaza kwa mkingamo, siyo kwa kuzunguka: moja, kisha ya pembe inayoikabili, kwanza nusu ya kipimo halafu kipimo chote. Washa injini, saga kwa saa chache, zima, iache ipoe, kaza tena kwa kipimo kile kile. Nyuso mpya za chuma zina vinundu vidogo vinavyolala katika saa za mwanzo, na mvuto unapungua. Ndiyo maana wenye malori hukaza nati za magurudumu upya baada ya kilomita 50 hadi 100. Aliyebadilisha tairi Makambako asimame Mafinga azipime tena, kabla hajauona mteremko wa Kitonga. Ukishamaliza, chora mstari wa rangi nyeupe kutoka kwenye nati kupita washa hadi kwenye fremu. Asubuhi utatazama tu mistari. Ikiwa imenyooka, iache nati ipumzike. Kukaza kila siku bila kipimo ndiko kunakoimaliza bolti.

Sasa yale mafundo uliyoniuliza.

Springi washa kwenye bolti ya 8.8 haikusaidii, na mbili ni mbaya kuliko moja. Nguvu inayohitajika kuilaza iwe bapa ni ndogo sana ukilinganisha na tani 4. Ikishalala, haina tofauti na washa ya kawaida, na kwenye mashine ya namna ya Junker nati yenye springi washa hufunguka karibu upesi ule ule kama haipo. Kitabu cha NASA cha mwaka 1990 cha usanifu wa bolti kinasema waziwazi kwamba ikishabanwa bapa, uwezo wake wa kufunga haupo. Ziondoe zote kwenye miguu ya injini.

Nati ya naironi ni nzuri kwa bolti ndogo ambazo haziwezi kukazwa sana, mfano zile za kifuniko cha kinu, za fremu ya chekeche na za mdomo wa kumwagia mahindi. Hata mvuto ukipungua, naironi itaizuia isidondoke. Ina masharti mawili. Isiwe karibu na bomba la moshi, kwa maana ikivuka nyuzi joto 120 hivi naironi inalegea. Na isirudiwe mara nyingi: ukiweza kuizungusha kwa vidole pale penye naironi, itupe. Kwenye bomba la moshi tumia nati za chuma tupu zilizobanwa kidogo mdomoni kiwandani.

Nati mbili juu ya bolti moja zinafaa, na hizo nimesema uziweke kwenye bolti za kusukuma. Kama moja ni nyembamba na nyingine nene, nyembamba inatangulia chini na nene inakaa juu. Karibu kila mahali nakuta zimewekwa kinyume. Shika ya chini kwa spana moja, ukaze ya juu dhidi yake, kwa kuwa ya juu ndiyo inayobeba mzigo mwishoni.

Gundi ya nati ni kitu cha kuaminika ukiifuata. Ni majimaji yanayoganda yakikosa hewa na kugusa chuma, kwa hiyo yanajaza nafasi kati ya meno na kuyazuia yasiteleze. Mmarekani Vernon Krieble ndiye aliyeianzisha miaka ya 1950, ndipo likaja jina la Loctite ambalo siku hizi watu wanaziitia gundi zote. Kwako nunua ya buluu, ambayo inafunguka kwa spana. Nyekundu inahitaji kuchomwa moto wa nyuzi joto 250 hivi ndipo ifunguke, usiiweke mahali utakapopafungua tena. Hapa meno yasiwe na oili hata tone: yafute kwa thina, yakauke, weka gundi, kaza kwa kipimo. Halafu iache saa 24. Ninyi huko Makambako, na jirani zenu wa Njombe na Mufindi, Juni na Julai mnaamka na baridi kali, na gundi hii inachelewa kuganda kwenye chuma baridi. Ipe siku mbili. Na ukishaiweka, usirudi kukaza kesho yake, utakuwa unaivunja. Mahali pake hasa ni ile skrubu ndogo isiyo na kichwa inayoshika puli kwenye shafti, ambayo kwa wengi ndiyo ya kwanza kuhama.

Tumefika kwenye kinu, na hapa nakuomba usome polepole. Nati za kinu kuanza kulegea baada ya zile za injini kunaweza kuwa mtetemo uliohama tu. Lakini kunaweza pia kuwa rota, yaani shafti ya kinu na nyundo zake, isiyo na mizani. Nyundo za kinu zinazunguka maelfu ya mara kwa dakika. Nyundo moja ikilika kuliko inayoikabili, au ukibadilisha moja iliyovunjika na kuziacha nyingine kuukuu, shafti nzima inapiga upande mmoja. Badilisha seti yote kwa pamoja. Kabla ya kufunga, pima kila nyundo kwa mizani ndogo na uzipange ili zinazokabiliana ziwe na uzito sawa. Vua mkanda kabisa kwanza, usitegemee kwamba injini imezimwa. Pini zinazobeba nyundo hufungwa kwa kotapini, ile pini ya miguu miwili inayokunjwa. Kotapini haitumiki mara mbili, na msumari haushiki nafasi yake. Msumari ukikatika humo ndani, nyundo inatoka, na chekeche la bati halina uwezo wa kuizuia. Nati ikifunguka na kukuharibia siku ni hasara, ila nyundo ikitoka kuna mtu amesimama pale na debe lake.

Ukiona shafti imefungwa kwa nati kubwa mwishoni, jaribu upande wake wa kufungua kabla hujatia nguvu. Nyingine zimechongwa meno ya kushoto makusudi ili mzunguko usizifungue, kama pedali ya kushoto ya baiskeli. Ndivyo ilivyo pia kwenye magurudumu ya upande wa kushoto ya baadhi ya malori ya zamani ya Kijapani, na wengi wamekata bolti wakidhani wanazifungua.

Zile nati mbili zilizochomelewa zikate kwa grainda, bolti zake uzitupe, usijaribu kuziokoa. Moto wa kuchomelea umeshaharibu ugumu wa 8.8, na kama ulivyoona, nati haikuzunguka lakini injini iliendelea kucheza, kwa sababu mvuto ulikuwa umekwisha kabla fundi hajawasha mashine yake. Anza na hizo, kisha fremu, na nyundo uzipime siku hiyo hiyo kinu kikiwa kimefunguliwa.